Mfuko Mtupu Wenye Joto

Nyinyi mnaoingia wodini siku hizi, na mashine zenu zinazosoma damu kabla mgonjwa hajamaliza kufunga kifungo cha shati, kaeni kidogo niwaambie habari za mkojo. Msicheke. Nimeufanyia kazi karibu miaka thelathini. Nimeubeba, nimeupima, umenimwagikia ndani ya viatu, na mtu akiniuliza leo ni kitu gani cha mwili wa binadamu kiliwahi kunitisha, sitataja damu. Damu ikitoka kila mtu anaiona na kupiga kelele. Mkojo unaweza kupotea mbele ya macho yako mchana kweupe na wodi nzima isishtuke.

Mimi ni Mutisya, nesi mstaafu, siku hizi nalima maharagwe huko Kola. Nilifanya kazi wodi ya wanaume katika hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji wa Machakos. Wagonjwa waliniita daktari, kwa sababu kwao mwanamume yeyote mwenye koti jeupe ni daktari. Sista Kalekye, aliyekuwa mkubwa wa wodi na aliyetushinda sote kwa ujuzi, alistaafu bila kuitwa daktari hata mara moja. Alisema hilo halimsumbui. Lilimsumbua sana.

Sista Kalekye ndiye aliyenifundisha. Vitabu vilikuwa viwili kwa darasa zima, kwa hiyo alitumia mbuzi. Alikuwa na mchinjaji wake sokoni ambaye alimwambia, "Niwekee figo zikiwa bado zimeshikana na kibofu, usikate kitu," na yule mchinjaji alidhani hiyo ni dawa ya wazee. Sista alivitandaza kwenye sinia ya ugali, akatuita tuinamie.

"Hizi ndizo figo. Mbili, sura ya haragwe. Zako wewe zinatoshana na ngumi yako. Haziko tumboni mbele pale unapojishika ukishiba, ziko nyuma, chini ya mbavu za mwisho, moja huku na moja huku ya uti wa mgongo. Ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limeikalia. Haya, kila mtu aweke mkono kwa mgongo wa mwenzake."

Tukashikana migongo kama watu wanaocheza. Akaendelea kueleza kwamba damu hupita humo tena na tena mchana kutwa na usiku kucha. Figo huichuja, huokota kilicho na faida na kukirudisha mwilini, sukari, chumvi inayotakiwa, na karibu maji yote. Kinachobaki ni uchafu na maji ya ziada, na hicho ndicho huteremka. Alituonyesha ile mirija miwili myembamba inayotoka kwenye figo, kwa mtu ni urefu wa shubiri na zaidi kidogo, akatuambia haitiririshi maji tu kama mfereji, inayasukuma, kama koo linavyosukuma tonge. "Hata umning'inize mtu kichwa chini, mkojo utafika kwa kibofu," alisema. Tulimwamini, hakuna aliyejitolea kuning'inizwa.

Kisha akachukua pampu ya baiskeli, akajaza kibofu upepo ili tuone kinavyotanuka. Hapo mimi niliharibu somo. Sisi tuliochunga mbuzi tulikuwa tukichezea kibofu kama mpira, na kile kilipoanguka chini mguu wangu haukungoja ruhusa. Nilikipiga hadi mlangoni. Nilisugua chumba cha nyuma, kile tulichomwagia uchafu wa wodi, wiki mbili nzima.

Nikiwa huko nasugua, Sista alikuja kusimama mlangoni, akanipa sheria moja. "Mkojo hausomwi na macho, Mutisya. Shika mfuko. Shika tumbo. Ukimaliza kushika, ndio uandike." Niliifuata kama miaka miwili. Baada ya hapo nikawa fundi, na fundi haguswi na sheria.

Sasa nije kwa Musyoka.

Miaka hiyo ya tisini, mwaka wa ukame, waliletwa watu wengi kutoka upande wa Mwala, wengi wao njaa na kuhara. Musyoka hakuwa na hayo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkulima, na alikuja tumbo limejaa mbele kama mama mjamzito wa miezi sita, miguu imevimba hadi viatu vimebebwa mkononi. Mkojo ulikuwa umembana kidogo kidogo kwa miezi, ukitoka kwa matone. Nyinyi mmeshajua. Tezi dume ilikuwa imekua, imebana shingo ya kibofu, maji yamejaa kibofu yakarudi juu kwenye mirija hadi figo zenyewe zikaanza kufurika. Lakini nyumbani kwao ilijulikana sababu nyingine. Alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na jirani yake. Siku mkonge wa mpaka ulipong'olewa, jirani yule alisema mbele ya watu kwamba Musyoka hatapitisha maji tena hadi arudishe ardhi. Hayo alinieleza mama yake Musyoka, aliyekuja naye.

Mama huyo alikuwa zaidi ya miaka sabini, mfupi, mkavu, mwenye kiondo cha mkonge kisichotoka begani. Tulikuwa wachache wodini, kwa hiyo aliruhusiwa kulala kwenye mkeka kando ya kitanda ili amsaidie mwanawe. Nilimwita mwaitu, kama tunavyoita mama zetu.

Jumatatu asubuhi nilimwekea Musyoka mpira wa mkojo, ule unaoingia hadi kibofuni na kuishia kwenye mfuko. Ulipoingia tu, maji yalikuja, yakajaza mfuko, nikafunga ili apumzike, nikafungua tena. Musyoka alilia kwa raha. Mama alikaa mkekani akitazama ule mfuko kwa namna ambayo sikuielewa. Nilipofungua bomba lake la chini na kumwaga ndani ya jagi, akaniuliza, "Unaenda kuimwaga wapi?"

"Huko nyuma, mwaitu. Inaenda kwa mtaro, mtaro unatoka nje."

"Nje wapi?"

"Nyuma ya ukuta, pale watu hupita."

"Kwa hivyo mtu akitaka, anaweza chota?"

Nilicheka. Nilikuwa na haraka, na nilijiona mcheshi. "Akitaka achote hata ndoo, mwaitu. Hapa hatuuzi."

Hakucheka.

Saa ya kutembelea wagonjwa, mchana huo huo, akaja mzee mmoja amevaa kofia ya kahawia, mkononi ndizi tatu zimefungwa kwa gazeti. Alisimama miguuni pa kitanda. Hakumsalimia Musyoka, hakumtazama usoni. Alitazama mfuko uliokuwa ukining'inia ubavuni, na maji yakiteremka ndani yake, kwa muda mrefu hata mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kula. Kisha akasema polepole, "Kumbe yanatoka."

Akaweka ndizi kitandani, akaenda zake. Zile ndizi hazikuliwa na mtu yeyote. Nilimuuliza mama huyo ni nani, akasema, "Ni jirani."

Kesho yake, Jumanne, nilifika saa kumi na mbili asubuhi kuandika chati. Wakati ule tuliandika mara tatu kwa siku, alfajiri, adhuhuri na jioni. Niliutazama mfuko wa Musyoka, ulikuwa mtupu. Nesi wa usiku, aliyekuwa peke yake na wodi mbili, aliniambia hajaumwaga. Nikaandika sufuri. Adhuhuri, mtupu. Sufuri.

"Umeandika ngapi?" Musyoka aliniuliza.

"Sufuri."

Akafumba macho. Mama yake alikuwa akimkunjia blanketi miguuni, hakuinua kichwa.

Daktari wetu alikuja alasiri. Alikuwa mtu mwangalifu, simlaumu. Alisukuma maji safi kwenye ule mpira kwa sindano, yakaingia, yakarudi, kwa hiyo haukuziba. Akabonyeza tumbo, kibofu kilikuwa kimelala tambarare. Maana yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna kitu kinachoshuka kutoka juu. Aliangalia zile sufuri zangu mbili zilizoandikwa vizuri, akasema figo zimechoka. Damu ilipelekwa Nairobi kupimwa kwa sababu dawa za maabara yetu zilikuwa zimeisha, na majibu yalichukua siku kadhaa. Kwa wakati ule alifanya ambalo daktari yeyote angefanya kwa mtu ambaye figo zake hazitoi maji. Alisimamisha dripu, akaagiza asipewe zaidi ya kikombe kimoja cha maji kwa siku. Ukimpa maji mtu asiyekojoa, unamzamisha kwa ndani, yanapanda hadi mapafuni.

Jioni, sufuri. Nikaandika.

Jumatano asubuhi nilimkuta Musyoka ameingia ndani ya mwili wake. Macho yamezama. Midomo imepasuka. Nilimfinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Na miguu ile iliyovimba hadi haiingii viatuni ilikuwa imekonda, mifupa imejitokeza. Nilisimama pale na chati yangu na nikahisi baridi mgongoni, pale pale Sista alipotuambia tushikane. Maji yaliyokuwa katika miguu ya mtu huyu yalikuwa yameondoka, na hayakupita popote. Hakutapika, hakuhara, shuka lilikuwa kavu. Alikuwa anakauka kitandani mbele yetu na mfuko ni mtupu.

Wagonjwa walishaona kabla yangu. Kitanda cha pili kilikuwa kimesogezwa. Mzee wa dirishani aliniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, huyo mtu ananywewa."

"Na nani?"

"Wewe ndio daktari."

Musyoka alinishika koti. "Nipatie maji. Kidogo tu."

Kikombe chake cha siku kilikuwa kwenye kabati, nusu kimebaki. Alikuwa amenyoosha mkono kukichukua. Mimi, wanangu, nilikitoa kile kikombe nikakiweka kwenye dirisha la mbali, asikifikie. Nilifanya hivyo kwa upole, nikimweleza kwamba ni kwa faida yake. Bado naona vile vidole vyake vilivyobaki vimefunguka hewani, na najichukia kila nikiviona.

Sista Kalekye alikuwa likizo. Alirudi siku hiyo hiyo, karibu saa tano. Hakusoma chati kwanza. Alimtazama Musyoka kutoka mlangoni, akaja moja kwa moja, akainama, akaushika ule mfuko kwa kiganja.

"Mutisya. Shika hapa."

Nikashika. Mfuko ulikuwa mtupu, na ulikuwa na joto. Si joto la jua, dirisha lilikuwa upande wa pili. Lilikuwa joto la mtu, kama kiti ambacho mtu ametoka kukalia sasa hivi. Nikautoa mkono haraka.

"Umeshika hii mara ngapi tangu jana?" aliniuliza.

Akavuta stuli akakaa, macho kwenye ule mpira. Tulingoja. Haikuchukua hata dakika mbili, maji meupe, karibu hayana rangi, yakaanza kuteremka, na yakaendelea bila kukoma. Figo za Musyoka hazikuchoka hata kidogo. Zilikuwa zimefunguliwa baada ya kubanwa miezi, zimesahau kazi yao ya kurudisha maji mwilini, zinamwaga kila kitu. Hili mlijue vizuri, maana linatokea bado. Mtu aliyebanwa muda mrefu akifunguliwa anaweza kutoa ndoo, na lazima umrudishie maji kadiri anavyotoa. Sisi tulikuwa tumemnyima.

Sista alifungua dripu kwa mkono wake mwenyewe bila kungoja ruhusa, akanituma kwa daktari mbio. Niliporudi alikuwa anamnywesha Musyoka kwa kijiko, kutoka kile kile kikombe cha dirishani.

"Sasa," alisema, "hiyo ingine yote iko wapi?"

Musyoka alitazama mlango. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza anaingia, kutoka chumba cha mpwa wake mjini alikokuwa akienda kunawa uso mara mbili kwa siku. Kiondo kilikuwa chepesi, kinapepea begani. Sista alimtazama yule mama, akatazama kiondo, kisha akazungumza naye Kikamba, taratibu, kama mtu anayeongea na mama yake mwenyewe. Alimwambia, "Mwaitu, watu wote wanaingia hapa na kiondo kizito wakitoka na chepesi. Nilipokuwa naingia tumepishana kwa geti, wewe umeinama na mzigo. Unatoa nini hospitali?"

Mama akakaa chini sakafuni.

"Nisiseme hapa," alisema.

Nilienda naye mimi. Chumba cha mpwa kilikuwa nyuma ya soko, mabati, hakina dirisha, na saa sita ya mchana ndani mlikuwa na giza. Mama alipiga magoti akainua shuka la kitanda. Chini, mwisho kabisa ukutani, chupa nne za mafuta ya kupikia, za lita mbili mbili, zilikuwa zimesimama mstari mmoja, kila moja imefungwa shingoni kwa kipande cha shati la Musyoka. Zilikuwa zimefunikwa blanketi dogo hadi mabegani, kama watoto waliolazwa. Sikuweza kuzigusa, hadi yeye alipozitoa moja moja akiziita jina la mwanawe.

"Wewe ulisema mtu akitaka achote hata ndoo," aliniambia. "Na yeye alikuja akaona kwa macho yake yanatoka. Akishapata hiyo maji ya mtoto wangu, atamfunga mpaka kaburi. Nikaona niibebe nirudishe nyumbani, nimwage kwa boma letu. Nilikuwa nangoja tu apone twende."

Alikuwa akifungua bomba la mfuko na kukinga kwa chupa kila aliposikia viatu vyangu vinakuja. Alivijua viatu vyangu. Na mimi nilimsaidia, kwa sababu nilitazama tu nikaandika.

Nilipotaka kuzibeba alizikumbatia. Ikabidi nimwahidi kwamba hata tone halitamwagwa. Nilipima hapo hapo sakafuni, chupa hadi jagi, jagi hadi chupa, naye ameshika mlango usifunguke. Lita saba na nusu, zimepita kiasi. Nilirudi wodini nikazikata sufuri zangu zote kwa kalamu nyekundu nikaandika ukweli juu yake, na daktari akahesabu dripu kwa hizo. Kufikia Alhamisi jioni Musyoka aliweza kutukana chakula cha hospitali. Tezi yake ilifanyiwa upasuaji baadaye.

Sista hakunifokea, na afadhali angefoka. Alichukua chati, akachora mstari wa ziada kwa rula, akaandika juu yake: *imepimwa, mama amechukua*. Kwa siku zote walizobaki, nilishika mfuko, nikapima, nikamkabidhi mama chupa yake imefungwa vizuri, naye akanishukuru kama nimempa mtoto. Nawaambia hivi ili msije mkadhani kazi ni kumshinda mgonjwa akili. Ningemjibu yule mama kwa heshima siku ya kwanza, asingeficha kitu.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja, mimi nikiwa karibu kustaafu, tulipelekwa Mwala kuchanja watoto, na nikauliza njia hadi kwa Musyoka. Nilimkuta mzima, mvi zimejaa, anatengeneza mkokoteni wa punda. Mama alikuwa ameshazikwa. Jirani wa kofia ya kahawia alikufa mwaka uliofuata ule wa wodini, na sikuuliza kwa ugonjwa gani. Kando ya boma, pale mama alipomwaga zile chupa, palikuwa na mkonge mmoja umesimama peke yake, mkubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Musyoka alipita mbali nao, nami nikapita mbali.

Nilimuuliza kitu kilichonikaa rohoni miaka yote hiyo. "Ulijua. Mbona hukuniambia?"

"Mama alisema nikifungua mdomo maji itafungwa tena. Na kiu nayo inauma." Alifikiri kidogo. "Nilikuwa nangoja wewe ushike huo mfuko. Kila ukija nasema, leo atashika."

Kisha akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji, kimejaa hadi ukingoni. Kulikuwa na ukame tena, maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto. Akanipa kwa mikono miwili. Nilikunywa nikaacha kidogo kwa adabu, akatikisa kichwa. Nikamaliza. Alisimama karibu sana, akinitazama koo hadi kikombe kilipokauka. Akakichukua, akachungulia ndani, akakigusa chini kwa kidole.

"Nimeshika. Sasa andika," akasema.

Nilianza kucheka, nikaona yeye hacheki. Nikatoa kalamu mfukoni.